Hodi Moja kwa Milango Mingi: Uhakiki wa Lugha ya Ridhaa katika Tovuti kwa Mizani ya Lamu

Utangulizi

Uhakiki wa maandishi ya Kiswahili umezoea kuelekea kwenye utenzi, riwaya na tamthilia; na pindi uitazamapo Lamu, huelekea zaidi kwenye utenzi, kwa sababu zilizo wazi. Lakini msomaji wa Amu, wa Siyu au wa Faza hukutana siku hizi na aina nyingine ya maandishi ya Kiswahili ambayo haijapewa nafasi ya kutosha katika uhakiki. Nayo ni lile tamko fupi linalojitokeza kwenye kioo cha simu afunguapo tovuti, likimwarifu kwamba vidakuzi vinatumika na kumtaka akubali. Tamko hilo lina msemaji, lina msemeshwa, na lina kusudi. Tena lina nguvu ambayo maandishi mengi ya fasihi hayana: kitufe kikishabonyezwa, msomaji huhesabiwa kuwa ameridhia.

Makala haya yanachunguza lugha ya matamko hayo, hasa yale ambayo hayatosheki na kuomba ruhusa kwa ajili ya tovuti moja, bali hulichukua jibu la msomaji katika tovuti ya kwanza na kulitumia katika ya pili, ya tatu na ya kumi. Lamu imechaguliwa kuwa mizani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jamii ya visiwa hivyo, pamoja na lahaja zake za Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu, imeshughulika kwa karne nyingi na swali la nani aingie wapi, kwa ruhusa ya nani, na hadi kiasi gani; na majibu yake yamehifadhiwa katika msamiati na katika mawe ya nyumba. Ya pili ni kwamba Lamu imewahi kulipeleka swali hilo hilo mbele ya sheria, na kushinda.

Kielelezo kinachofuata kimetungwa hapa kwa kukusanya tabia za matamko ya aina hii, wala si nakala ya tamko la tovuti yoyote: “Sisi na washirika wetu tunathamini faragha yako. Tunatumia vidakuzi na kushiriki taarifa ili kuboresha matumizi yako. Kwa kubofya Kubali Zote unaridhia matumizi haya katika tovuti zetu zote.” Maneno hayafiki thelathini, na karibu kila moja lina jambo la kuulizwa.

Jinsi jibu linavyosafiri

Kabla ya kuyapima maneno yafaa kueleza jambo lenyewe. Kidakuzi ni maandishi madogo ambayo tovuti huyaweka katika kivinjari cha msomaji ili imtambue arudipo. Mbinu hii ilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Netscape. Kanuni yake ya msingi ni kwamba kila kikoa husoma kile kilichokiweka chenyewe; kikoa kimoja hakisomi vidakuzi vya kikoa kingine. Kwa hiyo hata jibu la msomaji juu ya vidakuzi, yaani “nakubali” au “nakataa” yake, kwa kawaida hukaa katika kikoa kile kile alikolitoa. Akienda kwingine, huulizwa upya.

Ili jibu livuke mpaka huo, njia zitumikazo ni hasa mbili. Ama huwekwa kikoa cha tatu ambacho tovuti zote zinazohusika hukiendea kuulizia jibu. Ama jibu hufungwa na namba au akaunti ya msomaji na kuwekwa katika seva, ili kila tovuti ya kundi hilo ilikute huko. Njia ya kwanza ilipata kutumiwa kwa upana mkubwa Ulaya. Kanuni Kuu ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya ilipoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, shirikisho la watangazaji wa biashara liitwalo IAB Europe lilikuwa limekwisha kuweka utaratibu wa pamoja wa kuandika ridhaa ya msomaji katika mfululizo wa herufi. Utaratibu huo uliruhusu ridhaa iliyotolewa katika tovuti moja ihesabiwe katika tovuti nyingine zote zilizochagua upana huo. Upana huo wa “dunia nzima” uliondolewa mwaka 2021. Tarehe 2 Februari 2022 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ubelgiji ililitoza shirikisho hilo faini ya euro 250,000. Na tarehe 7 Machi 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba ule mfululizo wa herufi unaweza wenyewe kuwa taarifa binafsi ya mtu. Hata hivyo, kuchukuliana ridhaa baina ya tovuti za mmiliki mmoja, au za kundi lililokubaliana, hakukukoma.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Msomaji aulizwaye swali lile lile mara arubaini kwa siku hachi tu kusoma. Huacha pia kufikiri, akabonyeza ili apite. Kuuliza mara moja na kulikumbuka jibu kungempunguzia usumbufu. Hoja hii itarudiwa mbele, kwa kuwa ndiyo iliyo nzito kuliko zote.

Kidakuzi na udaku

Neno “kidakuzi” limekwisha kuenea katika programu za simu na tompyuta zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa umbo lake neno hili limekaa katika ukoo mmoja na “udaku”, “mdaku” na “mdakuzi”, maneno yenye kumhusu mtu anayetafuta siri za wenzake na kuzitembeza. Kiambishi ki- chaongeza udogo. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili alisikiapo kwa mara ya kwanza ana haki ya kuelewa kwamba kinachotajwa ni kijimtu kidogo cha udaku. Mwamu, ambaye wingi wa ki- kwake ni zi-, angesema “zidakuzi”, na maana ingebaki ile ile.

Inafaa kutambua jinsi Kiswahili kilivyokuwa kikweli zaidi hapa kuliko lugha kilimotoka kitu chenyewe. Neno la Kiingereza ni jina la biskuti, na biskuti humtuliza mtu. Kiswahili hakikufuata biskuti, kilitazama kazi. Kama ilikuwa ni makusudi au ni bahati, matokeo yake ni kwamba neno limebeba onyo ndani yake. Kasoro ya tamko la kielelezo ni kwamba limeliweka neno hili kati ya “tunathamini faragha” na “kuboresha matumizi yako”, mahali ambapo onyo lake halisikiki tena. Kusema “tunathamini faragha yako, tunatumia vidakuzi” ni sawa na kusema “tunaiheshimu siri yako, tumekuletea mdaku”. Sentensi imejipinga, lakini msomaji hajapewa nafasi ya kulitambua pingamizi hilo kwa sababu mdundo wake ni wa ukarimu.

Ukarimu huo nao una hila ya kisarufi na ya kiadabu. Tamko lazungumza kama mwenyeji: linakaribisha, linathamini, linaboresha. Lakini kwa upande wa kidakuzi, mwenyeji ni nani? Kidakuzi hukaa katika simu ya msomaji, si kwa mwenye tovuti. Ni kweli kwamba msomaji ameijia tovuti barazani pake; lakini saa ile ile tovuti nayo inaingia nyumbani mwa msomaji. Apaswaye kubisha hodi ni tovuti, na apaswaye kusema karibu ni msomaji. Tamko limegeuza nafasi hizo: mgeni amejifanya mwenyeji, na mwenye nyumba amewekwa mahali pa mtu anayeomba apite.

Ruhusa, idhini, kibali na ridhaa

Kiswahili kina maneno manne makuu katika uwanja huu, yote yenye asili ya Kiarabu, nayo hayana uzito mmoja. “Ruhusa” ni kuondolewa kizuizi: mtoto hupewa ruhusa ya kutoka darasani. “Idhini” ni ruhusa iliyoombwa na kutamkwa na mwenye mamlaka. Shina lake la Kiarabu ndilo lililozaa jina la sikio na la adhana, na ndilo lililomo katika adabu ya Kiislamu ya kuomba idhini mlangoni. “Kibali” ni kukubaliwa, na mara nyingi huwa cheti. “Ridhaa” haishughuliki na mlango wala cheti, inashughulika na moyo: ni kutosheka kwa mtu na jambo alilolijua.

Ukoo wa neno “radhi” una heshima ya pekee Lamu na Pate. Katika utendi alioutunga Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake, yapata mwaka 1858, radhi anazozihitaji binti zatajwa kuwa za watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Maadili ya utendi huo yamejadiliwa sana, na si hapa pa kuyarudia. Linalohusika ni hesabu. Radhi hazikukusanywa pamoja zikawa fungu moja. Zimehesabiwa kwa wenyewe, na aliyepata ya mmoja hajapata ya mwingine. Radhi ina mwenyewe, na ina jambo lake.

Katika tamko la kielelezo, kitufe chasema “Kubali”, na sentensi yasema “unaridhia”. Maneno hayo mawili yamefanywa kuwa sawa, nayo si sawa. Mtu hukubali shingo upande. Hukubali kwa kuchoka, kwa haraka, kwa kukosa njia nyingine. Lakini radhi ya shingo upande haijawa radhi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 imelitambua jambo hili: ridhaa yataka iwe wazi, huru, mahususi kwa jambo fulani, na ya mtu aliyefahamishwa, ni juu ya anayezitumia taarifa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa, na mtoaji anaweza kuiondoa wakati wowote. Ulaya nayo, katika shauri la kampuni ya Planet49 lililoamuliwa tarehe 1 Oktoba 2019, mahakama ilikataa kuihesabu kuwa ridhaa alama iliyokwisha kuwekwa kisandukuni kabla msomaji hajafika. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria zote hizo zataka ridhaa. Kitufe hutoa kukubali. Na kazi ya kuziba ufa uliopo kati ya hizo mbili imeachiwa mfasiri, ambaye ameuziba kwa kubadilisha neno.

Washirika na kushiriki

Maneno “washirika” na “kushiriki” ndiyo yanayobeba mzigo wa kuivusha ridhaa kutoka tovuti moja hadi nyingine, kwa hiyo yafaa kupimwa kwa makini zaidi.

Kushiriki, katika Kiswahili, ni kuwa na sehemu katika jambo: mtu hushiriki mazishi, hushiriki harusi, hushiriki katika chombo cha bahari kwa kutoa fungu lake na kupata fungu lake. Mtendaji wa kitenzi hiki ni yule anayepata au anayetoa sehemu. Tamko lisemapo “tunashiriki taarifa zako na washirika wetu” limechukua kitenzi cha kuwa na sehemu likakitumia kwa tendo la kugawa mali ya mtu mwingine. Kosa hili ni la tafsiri, lakini faida yake kwa msemaji si ndogo. Laiti ingesemwa “tunawapa wengine taarifa zako”, msomaji angeuliza mara moja: wengine ni akina nani, na wamepewa kwa malipo gani? “Tunashiriki” haizai maswali hayo. Aliyetoa ametoweka, aliyepewa ametoweka, na kilichobaki ni hali njema ya ujirani.

“Washirika wetu” nalo lina jambo. Ushirika ni wa nani na nani? Si wa msomaji. Yeye hakutoa fungu, hakuhudhuria mapatano, wala hana mgao. Kiwakilishi “sisi” katika Kiswahili hakitofautishi kama msemeshwa yumo au hayumo. Na tamko limefaidi utata huo. Msomaji aonapo “sisi” na “washirika” katika sentensi moja na “faragha yako” huenda akadhani kwamba naye yumo katika shirika. Hayumo, yeye ndiye mali inayogawiwa.

Hapa Lamu ina ushahidi wake. Mwaka 2016 kampuni ya Amu Power ilipewa leseni ya mazingira ya kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, katika kaunti ya Lamu. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa la kuamua mashauri ya mazingira liliifuta leseni hiyo, na moja ya sababu zake kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya utangulizi ilikuwa imefanyika, watu walihudhuria na kusikiliza. Lakini mikutano hiyo ilitangulia uchunguzi wenyewe wa athari za mazingira, na haikuweza kuhesabiwa kuwa mashauriano juu ya taarifa ambayo ilikuwa bado haijaandikwa. Kwa maneno mengine, jibu lililotolewa katika kikao kimoja juu ya jambo moja halikuweza kubebwa na kutiwa katika kikao kingine juu ya jambo jingine. Tofauti ya ukubwa kati ya kituo cha makaa na kidakuzi haihitaji kuelezwa. Lakini kanuni ni moja. Tena yastahili kuangaliwa kwamba neno lililokuwa nguzo ya shauri lile, “ushirikishwaji”, ni la shina lile lile ambalo katika tovuti limegeuzwa kuwa jina la kumgawa mtu bila yeye kuwapo.

Daka, tekani na wikio

Nyumba ya mawe ya Lamu, mji ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, yaweza kusomwa kama sarufi ya ruhusa. Mbele ya mlango kuna daka, lenye baraza za mawe kila upande, ambapo mgeni huweza kuketi na kuzungumza bila ya kuingia ndani. Akishakaribishwa huipita tekani, ambayo imepindishwa ili aliye mlangoni asikione kiwanda kilichoko nyuma yake. Baada ya kiwanda huja misana, na baada ya misana huja ndani penyewe. Kila hatua ni ruhusa mpya. Aliyekaribishwa dakani hajakaribishwa msanani, na hakuna “karibu” moja inayofungua yote. Mbele ya utaratibu huu, kitufe cha “Kubali Zote” chaonekana kwa upungufu wake: kimeifuta tekani, na kumtoa mgeni barabarani hadi chumba cha ndani kwa hatua moja.

Hata hivyo nyumba hizo hizo zina kitu ambacho mtetezi wa kuchukuliana ridhaa angeweza kukitolea ushahidi, na uhakiki wa haki haufai kukificha. Kitu hicho ni wikio: chumba kilichojengwa juu ya njia ya mtaa, kikiziunganisha nyumba mbili zinazotazamana. Kwa wikio, wenyeji wa nyumba moja, hasa wanawake, waliweza kupita hadi nyumba ya pili bila ya kushuka njiani na bila ya kubisha hodi upya mlangoni. Je, hili si mfano wa ridhaa moja iliyotumika kwa nyumba mbili?

Ndiyo, lakini masharti yake hayana budi kutazamwa. Wikio lilijengwa baina ya nyumba zinazojuana, mara nyingi za ukoo mmoja. Wenye nyumba zote mbili walikubali lijengwe, kwa kuwa lisingeweza kushikilia ukuta wa mtu bila ya idhini yake. Wapitao humo walijulikana. Kila apitaye njiani aliweza kuinua macho akaliona, akajua kwamba nyumba hii imeungana na ile. Na mlango wake uliweza kufungwa kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo wikio halikuondoa ruhusa; lilikuwa ni ruhusa iliyojengwa kwa mawe, ikaonekana na watu wote.

Masharti hayo, yakihamishiwa katika tovuti, yanatoa kipimo kilicho wazi. Tovuti za kundi moja zaweza kuchukuliana jibu la msomaji iwapo zimetajwa kwa majina, iwapo uhusiano wao unajulikana, iwapo msomaji ameliona daraja kabla ya kuvushwa, na iwapo anaweza kulifunga kutoka upande wowote alioko. “Tovuti zetu zote” haitimizi hata sharti moja. Hilo si wikio. Ni tundu lililotobolewa ukutani usiku.

Hoja ya kunyamaza na hoja ya kuchoka

Msomaji aliyebobea katika fikihi aweza kuleta pingamizi. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na watu wengi wa Lamu, kunyamaza kwa msichana ambaye hajapata kuolewa huhesabiwa kuwa idhini yake aulizwapo juu ya ndoa. Ikiwa kunyamaza kwaweza kuwa ridhaa katika jambo zito kama hilo, kwa nini kuendelea kusoma kusihesabiwe kuwa ridhaa katika jambo dogo kama kidakuzi?

Jibu limo ndani ya kanuni yenyewe. Kunyamaza huko ni kwa aliyeulizwa mwenyewe, juu ya mtu mmoja aliyetajwa, na waulizaji ni jamaa wamjuao hata wakaweza kutofautisha haya na huzuni. Aliyepata kuolewa hatosheki kwa kunyamaza. Hana budi kusema. Wala hakuna aliyepata kudai kwamba kunyamaza mbele ya posa moja ni kukubali posa zote zitakazofuata. Upande wa mlangoni adabu ni wazi zaidi: hodi hubishwa mara tatu, na asiyejibiwa hurudi alikotoka. Kimya cha mwenye nyumba hakikuwa karibu hata siku moja.

Hoja ya kuchoka ni ngumu zaidi, na haijibiwi kwa kanuni peke yake. Ni kweli kwamba hodi zisizokwisha humchosha mwenye nyumba. Lakini yafaa kuuliza ni nani aliyezizidisha. Vidakuzi vinavyohitajika ili tovuti ifanye kazi yake, kama vile kukumbuka lugha aliyoichagua msomaji, kwa kawaida havihitaji hodi hii. Hodi huzidi kwa sababu wanaotaka kuingia wamezidi. Anayepeleka wageni mia mlangoni, kisha akamwonea huruma mwenye nyumba kwa wingi wa hodi, na kumshauri auache mlango wazi, hajamwondolea usumbufu bali ameutumia.

Zaidi ya hayo, huruma hiyo ina upande mmoja. Iwapo kusudi ni kumpumzisha msomaji, basi “nakataa” yake yafaa isafiri kwa wepesi ule ule wa “nakubali”. Hapa ndipo ilipo dhana ya kweli ya kuchukuliana jibu, na hapa pana ugumu wa kiufundi ambao wasomi wa lugha wangefaa kuujua. Kulibeba jibu la kukataa kutoka kikoa hadi kikoa kwa njia zilizoelezwa juu kwataka msomaji atambulikane kote. Yaani ili kukumbuka kwamba fulani hakutaka kujulikana, sharti ajulikane. Tangu mwaka 2020 kivinjari cha Safari kimezuia kabisa vidakuzi vya vikoa vya tatu, na kwa kuvizuia kimeibana pia njia mojawapo ya kulibeba jibu. Ufumbuzi unaoelekea kuwa wa haki ni ule unaoliweka jibu kwa mwenyewe: kivinjari cha msomaji kiseme kila kiendapo kwamba huyu hataki, bila ya kumtaja jina. Huko ndiko kubaki kwa mlango katika mkono wa mwenye nyumba.

Tamko lingesemaje

Uhakiki wa matini za kazi haufai kuishia katika kulaumu. Tamko la kielelezo laweza kuandikwa upya kwa Kiswahili kisichoficha, bila ya kurefuka kupita kiasi: “Hodi. Tunaomba kuweka vidakuzi katika simu yako ili tujue unasoma nini. Tutawapa habari hizo watu wanaotajwa hapa chini. Jibu lako tutalifikisha pia katika tovuti hizi tatu, zilizo za mwenye tovuti hii. Waweza kukubali, waweza kukataa, waweza kuchagua. Ukibadili nia katika tovuti yoyote kati ya hizi, nyingine nazo zitafuata.”

Tofauti si ya urembo. “Tunaomba” limemrudisha mgeni mahali pake. “Katika simu yako” limeitaja nyumba na mwenyewe. “Tutawapa” limemtaja mtoaji na mpokeaji. “Tovuti hizi tatu” limeweka idadi, na penye idadi pana uwezekano wa kuuliza. “Kukataa” limewekwa sambamba na “kukubali”, kwa uzito ule ule wa kitenzi. Na sentensi ya mwisho imelijenga wikio na kulitia mlango. Kila badiliko limefanywa kwa maneno ambayo mzee wa Mkomani na kijana wa Kizingitini wanayaelewa bila ya kamusi.

Hitimisho

Yaweza kusemwa kwamba jambo hili ni la wanasheria na mafundi, na kwamba idara za lugha zina kazi nyingine. Mjadala uliotangulia unaonyesha kinyume chake. Sheria ya Kenya imetaka ridhaa ya mtu aliyefahamishwa, na kumfahamisha mtu ni tendo la lugha. Mahali ambapo “kupa” kumeitwa “kushiriki”, ambapo “kukubali” kumehesabiwa kuwa “kuridhia”, na ambapo mgeni amevaa kanzu ya mwenyeji, sheria yaweza kutimizwa kwa maandishi na kuvunjwa kwa maana, wala hakuna mahakama itakayoligundua hilo kabla ya msomaji wa lugha kulionyesha.

Kazi mbili zatokea hapa. Ya kwanza ni ya vyombo vya istilahi: kuyatenganisha kwa makusudi maneno ruhusa, idhini, kibali na ridhaa, na kuliondoa “kushiriki” mahali ambapo maana yake ni kuwapa wengine. Ya pili ni ya vyuo: kuyaingiza matamko ya aina hii katika masomo ya uhakiki na tafsiri, yakasomwa kwa umakini ule ule unaopewa ubeti. Watungaji wa Lamu na Pate walipima kila mizani na kila kina kabla ya kumkabidhi msomaji neno, na wajenzi wao walipima kila kizingiti. Msomaji wa visiwa hivyo anayeombwa leo atoe neno moja litakalotumika katika milango asiyoijua anastahili angalau kuambiwa, kwa Kiswahili kilichonyooka, ni milango mingapi na ya nani.